Unga Tulioacha Mlimani

Likasi, Jumamosi, Novemba 1994

Joto tangu asubuhi. Mawingu yamejaa upande wa Kambove lakini hayasogei, na mimi nina hasira isiyo na mtu wa kuipokea. Umeme umekuja kwa muda wa kuchemsha chai kisha ukaenda zake. Nimeketi barazani na kalamu kwa sababu nikiingia ndani nitaanza kufua, na nikianza kufua nitalia juu ya beseni kama mjinga.

Wewe shajara huna mdomo, ndiyo maana nakuambia wewe.

Lile jaribio letu limekwisha. Jibu lililotoka mbele za watu ni la uongo, na siwezi kulisahihisha.

Nianze mwanzo, hata kama mwanzo unaujua. Nikiandika kwa mpangilio huenda nikatulia.

Mimi ni fundi wa maabara ya udongo ya kampuni. Au nilikuwa, kampuni haijatufukuza, imenyamaza tu. Bado nakwenda asubuhi, nafungua mlango kwa ufunguo wangu, napangusa meza. Asidi iliisha zamani. Taa ya mashine ya kupimia madini iliungua na sidhani kama Zaire nzima ina nyingine. Mizani ilibebwa wakati wa uporaji, askari walipovunja maduka na ofisi, na inasemekana siku hizi inapima dagaa sokoni. Chupa zangu za kupimia nimeziona kwa macho yangu, zimejaa mafuta ya mawese, na nakiri kwamba kipimo chake ni cha haki kuliko vikopo vya wauzaji wengine. Nilisimama pale nikijiuliza nicheke au nidai chupa yangu. Nikanunua mafuta.

Mwenzangu wa utafiti ni Nkambo Kyabu. Watu wakisikia hivyo wanacheka, na yeye hucheka wa kwanza. Ni bibi wa ukoo ulioyeyusha shaba katika vilima hivi kabla ya treni na kabla ya kampuni. Wanaume wa ukoo ule walijifunza kujua shaba iko wapi. Wanawake walijifunza kujua haiko wapi, maana walitakiwa kulima na kulisha watu, na mawe hayapikwi. Nkambo anauza uyoga wakati wa mvua, ananusa ugoro, hapendi kanisa lolote, na ukimuudhi anaweza kukaa wiki nzima bila kuitika salamu yako.

Tulikutanishwa na profesa mmoja kutoka Ulaya, miaka ile kampuni bado ilikuwa na magari. Alitaka kuchora ramani ya mimea inayoota juu ya shaba. Mimi nilibeba mifuko ya udongo, Nkambo alionyesha njia. Profesa alikuwa mtu mwema, lakini maswali yake yote yalikuwa ya mawe. Hakumuuliza Nkambo swali hata moja la shamba. Mwaka wa uporaji aliondoka na wazungu wengine, na ramani ikaondoka naye. Tukabaki sisi wawili, tukaendelea bila mtu kututuma, kwa sababu siku moja njiani Nkambo alinieleza jambo la unga na sikuweza kulitoa kichwani.

Kwao, mwanamke akitaka kufungua shamba jipya haanzi na jembe. Jioni anafagia duara dogo juu ya ardhi, anaweka konzi moja ya unga mweupe, anasema maneno yake kwa walio chini, kisha anaondoka bila kugeuka. Asubuhi anarudi kabla hajamsalimia mtu. Akikuta sisimizi na mchwa wameubeba, ardhi imekula, basi na yenyewe itamlisha. Akikuta unga uko vile vile alivyouacha, anachukua jembe lake na kwenda kutafuta pengine. Hapo pana mwenyewe, ndivyo Nkambo anavyosema.

Mimi nilisema hapo pana shaba. Wadudu hawapendi kukaa kwenye udongo wenye shaba nyingi, wala mahindi hayapendi. Kwa hiyo tukaanza kulinganisha, yeye na unga wake, mimi na asidi yangu ambayo bado ilikuwepo. Anaweka unga, nachukua udongo pale pale, napima. Tulikubaliana karibu kila mahali. Mara moja tu tulipishana: bondeni, unga haukuguswa, na kipimo changu kikasema udongo ni safi. Nkambo alisema nimepima vibaya. Nilimwambia usiku ule ulikuwa wa baridi ya Juni, na sisimizi nao wana akili, hawatoki nje kutetemeka. Tuligombana njia nzima hadi mjini. Tuliporudia wakati wa joto, unga ulibebwa wote. Hakunipa haki yangu kwa mdomo, lakini tangu siku ile, kila tukitoka, yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kama usiku utakuwa wa baridi.

Nilifurahi sana miaka ile. Sijui kama niliwahi kukuandikia hivyo. Nchi ilikuwa inaanguka pande zote, na mimi nilikuwa napanda vilima na bibi mkorofi, nikiona mambo mawili niliyofundishwa kuyaweka mbali yanakaa mkeka mmoja.

Sasa Odile.

Odile ni mdogo wangu, tumbo moja. Mume wake alikwenda Kambove mwanzo wa kiangazi kutafuta kazi, hajarudi wala hajatuma neno. Kamwachia watoto. Kama nusu ya mji huu, Odile ameamua kulima, yeye na mimi ambao tulikua tukiletewa unga na kampuni kwa gunia, hata jembe tulikuwa tunaliona kwa watu wengine. Akaenda kutafuta ardhi, akachagua kile kilima kisicho na miti nyuma ya mtaa wetu.

Kila mtu anakichagua kilima kile. Msituni kuna visiki na mizizi, na mwanamke ambaye hajala vizuri hang'oi kisiki. Kilimani hakuna mti hata mmoja, nyasi ni fupi, udongo ni laini, na kiua kidogo cha zambarau kimejaa kila mahali. Mtu wa mjini akikiona anadhani kimefagiliwa kwa ajili yake. Hajiulizi kwa nini miti yote ilikataa kukaa pale. Na kile kiua cha zambarau, kinachoota penye shaba, ambacho ndicho kingemwambia, ndicho cha kwanza kung'olewa, maana shamba lazima liwe safi.

Nimewaambia. Nimesema kanisani, nimesema bombani, nimesema hadi nimeanza kuchosha masikio yangu mwenyewe. Mama mmoja wa kwaya alinijibu kwa upole kabisa, akiwa amenishika mkono na kuniita dada mkubwa:

"Yaya, shaba njo ilitulisha shiye bote. Leo njo itatukatalia mahindi?"

Ni kweli, shaba ndiyo ilitulisha. Ilimlisha baba yangu, ilinilipia shule, ikanipa hata maarifa ya kusema kwamba shaba ni sumu ya mahindi.

Odile ana kopo moja la mbegu. Likioza mlimani hakuna lingine, na watoto wake hawataona gunzi la mahindi mpaka mvua za mwaka kesho. Hilo ndilo lililonipanda kichwani. Si mji, si utafiti. Ni kopo la Odile. Ng'ambo ya mto kuna ardhi nzuri, Nkambo na mimi tulishaipima, lakini ina visiki, ni mbali, na mwanamke anayeacha nyumba tangu asubuhi hadi jioni siku hizi anarudi kukuta hata sufuria hazipo. Angehitaji sababu kubwa ya kwenda kule. Maneno yangu hayakutosha. Alitaka kuona.

Nami nikasema sawa, ataona. Wote wataona.

Kipimo cha maabara kimekufa, lakini kipimo cha Nkambo hakihitaji umeme. Kinahitaji unga tu. Nilimwendea nikamwomba tuweke unga kilimani, mbele ya wanawake wote wenye majembe, ili asubuhi waone kwa macho yao kwamba haujaguswa.

Nkambo hakupenda. Alisema jambo lile ni la mwanamke mmoja na shamba lake, si la umati. Nilimwambia jibu lisilo na mashahidi si jibu, ndivyo tulivyofundishwa sisi. Akanuna, akanusa ugoro wake, mwishowe akakubali kwa sababu ni Odile, ambaye humletea chumvi.

Kisha nikataka tuulinde unga usiku. Hapo alikataa katakata.

"Ukiichunga, haukuipana," alisema.

Unga unaolindwa haujatolewa. Nikashindwa, nikaacha. Yeye alinipa mashahidi, mimi nikampa usiku bila mlinzi. Tuliona tumeelewana kama watu wazima.

Kosa la mwisho ni langu peke yangu. Nkambo alisema konzi moja inatosha, ardhi haina uroho. Mimi nikafikiria watu watasimama mbali, wengine nyuma ya wengine, konzi moja haitaonekana. Nikamimina bakuli zima. Nilikuwa nimeuazima unga ule kwa jirani, nikaumwaga kilimani ukatulia mweupe, mzuri, kama umepakuliwa. Wanawake walikuwa wameuzunguka kimya. Nilidhani wananyamaza kwa heshima. Sikufikiri hata kidogo kwamba nimeweka chakula cha jioni cha familia chini, mbele ya watu wenye njaa, nikawaambia wageuke waende.

Hiyo ilikuwa jana.

Leo asubuhi tumepanda tena, Nkambo mbele, mimi nyuma yake, wanawake wakifuata na majembe mabegani kana kwamba jibu limeshatoka. Duara lilikuwa tupu. Unga haukuwepo.

Vigelegele vikapigwa. Mtu akasema ardhi imekula, mwingine akadakia, na ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa anapima hatua za shamba lake, akichomeka vijiti. Mama wa kwaya alinikumbatia. Alisema Mungu ametumia hata mambo ya wazee kutuonyesha njia.

Nkambo aliinama juu ya duara. Nikainama naye. Sisimizi wakibeba unga huacha njia yao, huacha vumbi jeupe kwenye nyasi, huacha wenzao wawili watatu wanaohangaika. Hapakuwa na njia wala mdudu. Palikuwa na mistari myembamba ya ufagio, imepita kutoka pande zote hadi katikati. Mtu alikusanya unga kwa uangalifu, asiache punje.

Nilifungua mdomo. Nkambo akanifinya mkono, na vidole vyake si vya mchezo, alama ingalipo ninapoandika.

Nilimtafuta Odile kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya wote na hakuwa anapiga vigelegele.

Tuliposhuka, Nkambo aliwaacha wengine watangulie, akaniambia polepole, bila hasira:

"Ukisema, batasema ile nyumba inakula pamoya na bale benye kufa. Hapana Odile njo atalipa. Ni batoto."

Ni kweli, watoto ndio wangelipa, na wewe unajua mtaa wetu. Unga uliotolewa kwa walio chini hauliwi na mtu aliye hai. Hata wale wanaosema hawaamini mambo hayo wanaogopa. Na siku hizi mtoto akikonda kidogo, akikojoa kitandani, akiongea usingizini, kuna mchungaji wa kanisa dogo anayesema ni ndoki, mchawi, kisha mtoto analala nje. Watoto wa Odile wamekonda. Ningesema mbele ya wanawake wale kwamba mama yao alipika unga wa wafu, hata kabla ya jua kuwa kali maneno yangefika kwa mchungaji.

Nilikwenda kwa Odile moja kwa moja. Sikubisha hodi. Alikuwa jikoni nje, anaosha sufuria, na watoto walikuwa wanacheza, kweli wanacheza, wanakimbizana, kitu ambacho sijakiona kwao siku nyingi. Nilisimama nikiwaangalia na hasira yangu ikakosa mahali pa kusimama.

Hakuzungusha maneno. Odile hajawahi kuzungusha.

"Yaya, batoto balilala na njala. Nilipanda pale na giza, nikaona bunga imekaa tu. Ungekuwa weye?"

Nilimwuliza kitu kimoja, maana fundi wa maabara ndani yangu bado ni mbishi hata siku ya msiba. Nilimwuliza unga aliukutaje.

"Muzima. Hata siafu moya haikukuwa," alisema. Akaendelea kusugua sufuria. "Naona ulikuwa na haki, yaya. Ule udongo iko mubaya."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Kwa hiyo jaribio lilifaulu. Unga ulikaa usiku kucha katika joto hili la Novemba na hakuna mdudu aliyeugusa. Jibu lilitoka, na ni lile lile ambalo Nkambo alilijua na mimi nililijua. Lina shahidi mmoja, ambaye hawezi kufungua mdomo.

Miaka yote hii nilidhani shida yetu ni kwamba elimu mbili hazijakutana. Nilikuwa nawaambia wenzangu wa maabara, kabla hawajatawanyika, kwamba siku tutakapokaa na akina Nkambo tukasikilizana, mambo mengi yatafunguka. Zimekutana. Zimekutana vizuri, zimegombana na kusahihishana, na mlimani zimesema neno moja. Halafu nikazivuruga kwa bakuli moja la unga, kwa sababu nilitaka lionekane mbali. Ningefuata ya Nkambo peke yake, Odile angeweka konzi yake mwenyewe na kuona mwenyewe. Ningefuata yangu peke yake, ningelinda usiku. Nilichukua nusu huku na nusu kule, na kila nusu ikaacha mlango wazi.

Najua haya yote na hayanisaidii chochote.

Mchana Nkambo alifanya jambo ambalo sikumwomba. Alikwenda bombani, wakati foleni ya ndoo ni ndefu na wote wapo. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo yangu kati yao. Alisimama mbele, akajipangusa mdomo kwa kanga, akasema kwa sauti:

"Minye njo nilikosea. Niliweka bunga mbele ya macho ya bantu, ile kintu haifanyikake vile. Ile jibu hapana jibu. Muache ile mulima."

Unajua huyu bibi ni mtu wa namna gani. Hajawahi kusema amekosea, hata ile siku ya bondeni. Leo amesimama mbele ya mtaa mzima akajivunjia jina lake mwenyewe, ili mdogo wangu asitajwe.

Kisha msichana mmoja akacheka, si kwa ubaya, na mama wa kwaya akamshika Nkambo begani akamwambia aende akapumzike, jua ni kali. Mwingine akasema nyuma yangu, bila hata kushusha sauti, kwamba Nkambo amezeeka. Foleni ikasogea, na ndoo yangu ikajaa.

Jana alipokuja kuweka unga walimwita mwenye kujua. Asubuhi walimshangilia. Mchana, aliposema wasilime, amekuwa bibi aliyezeeka. Hakuna aliyebishana naye, na nadhani kubishana kungemuuma kidogo kuliko ule mkono wa huruma begani. Nilimwona anashuka njia ya kwake taratibu, na sikumfuata kwa sababu sikujua ningemwambia nini. Bado sijui. Asante ni neno dogo mno, na samahani ni dogo zaidi.

Niliwaza pia niseme mimi. Nilikuwa pale, ndoo imejaa, wote wananitazama. Ningeweza kusema jambo la shaba tena, lile wanalolijua kwa moyo. Lakini wangeniuliza lile swali ambalo lazima waulize: kama ardhi ni mbaya, nani basi alikula unga? Nikabeba ndoo yangu kichwani nikaondoka. Maji yalinimwagikia shingoni njia nzima.

Nimekaa hapa barazani tangu wakati ule. Kutoka hapa nauona mlima. Wameshaanza. Naona vitambaa vya kichwa, naona majembe yanapanda na kushuka, nasikia hata wimbo, wanaimba wakilima, na ni wimbo mzuri. Mama zetu wakiimba hivyo mtu anapaswa kufurahi. Nilijaribu kuhesabu ni nyumba ngapi zimeweka mbegu zake zote pale, nikaacha katikati.

Kila kanisa limefunga na kuomba mvua wiki hii. Ikija, watapanda. Mahindi yataota, hilo ndilo baya zaidi, yataota na yatapendeza kwa muda, watu watanipita njiani wakicheka. Kisha majani yataanza kuwa ya manjano kuanzia kati ya mishipa, na mmea utasimama pale pale, mfupi, kama umesahau ulikuwa unafanya nini. Nimeyaona kwenye vyungu vya maabara mara nyingi. Nilikuwa nayapiga picha, nikifurahi kwamba matokeo ni safi.

Odile amekuja sasa hivi, kabla jua halijazama. Amekaa ngazini, kopo lake la mbegu mapajani, akilizungushazungusha. Nilimwambia aende ng'ambo ya mto, nitakwenda naye, nitang'oa visiki kwa mikono yangu, maabara haina kazi, nina siku zote za dunia. Alitikisa kichwa. Alisema kule ni mbali na watoto hawana wa kubaki naye, lakini nilimwona usoni kwamba si hilo tu.

"Nikitoka ku ile mulima minye moya, batauliza juu ya nini."

Sikuwa nimelifikiria. Wote wako kule, wanaimba. Akihama peke yake, baada ya asubuhi ya leo, mtu atajiuliza Odile anajua nini, na amejuaje. Kwa hiyo unga alioula unamfunga kwenye ardhi ambayo unga huo huo ulimwambia aikimbie. Atapanda mlimani pamoja nao, huku akijua, na atapiga vigelegele mvua ikija ili asiwe tofauti na wengine.

Nilimwambia basi apike zile mbegu, watoto wale. Aliniangalia kama nimemtukana. Akizipika, alisema, zitakwisha leo. Akizipanda, ana kitu cha kungoja. Sijui maabara gani duniani ina jibu la hapo.

Kisha akaniomba. Hakulia, hakupandisha sauti, aliniomba kama mtu anayeomba kiberiti.

"Weye unajua udongo, yaya. Unionyeshe basi fasi yenye nafuu."

Ameondoka sasa, na mimi nimebaki na hilo neno lake. Amenipa kazi, ya kwanza niliyopewa tangu kampuni inyamaze, na ninao ujuzi wote unaotakiwa. Kuna upande wa chini, karibu na njia ya maji, ambapo kile kiua cha zambarau kilikuwa kimetawanyika badala ya kusongamana. Nkambo atajua kama nakumbuka sawasawa. Nitampitia, nitamwomba aje nasi, na kama haitikii salamu yangu nitangoja mlangoni mpaka aitike.

Kesho ni Jumapili, wengine watakuwa kanisani. Tutapanda mlima sisi watatu na kopo la mbegu, na mimi nitamwonyesha mdogo wangu mahali ambapo mahindi yake yatachelewa kidogo kufa.